Kilo Kumi na Nne

Kesho yake, Jumanne saa tatu asubuhi, faili la Daktari Rejoice Ngailo lilitakiwa liwe mezani kwa wakili wa serikali, Njombe mjini, na Inspekta Cresensia Mlowe, aliyelifungua kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa haliamini.

Halikuwa faili bovu. Hapo ndipo palipokuwa na shida, maana lilikuwa zuri kupita kiasi. Mlalamikaji yupo. Marehemu yupo. Mtuhumiwa yuko mahabusu ya Makambako tangu Ijumaa. Na sababu ipo, imeandikwa kwa wino wa buluu: daktari wa mifugo kaiba dawa ya usingizi, kajazia maji kwenye vichupa, mbwa kaamka mezani kabla ya kupasuliwa, kang'ata mtu, mtu kafa kwa kichaa cha mbwa. Hapo nani asiyeelewa? Hata hakimu aliyesinzia angeelewa.

Mtu huyo aliitwa Peace Mtewele, mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika mmoja huko Kitandililo. Mwezi wa nne ndiye aliyehangaika mpaka daktari akaja kufanya kambi ya siku mbili, kutoa kizazi mbwa majike na kuwachanja, maana mbwa wa kuzurura walikuwa wamezidi na mtoto mmoja alikuwa ameshajeruhiwa. Yeye mwenyewe alijitolea kupima mbwa kilo na kuwashika vichwa. Mbwa nambari kumi na saba akainuka akamng'ata. Jino lilipita kwenye glovu likaingia kidole gumba, tundu dogo tu, la kupakwa spiriti. Daktari alimwandikia barua ya hospitali siku ileile. Peace akaenda akachomwa sindano ya kwanza. Za kufuata hakwenda, ulikuwa msimu wa kuvuna viazi. Mwisho wa mwezi wa tano akalazwa, siku ya tatu akafa.

Siku ya pili Cresensia alikuwa wodini kuchukua maelezo. Hakuyapata. Alimkuta mwanamke kafungwa mikono kitandani kwa vitenge vyake mwenyewe, na muuguzi kasimama mbali na kikombe cha maji. Kila maji yalipotikisika kikombeni, shingo ya yule mwanamke ilikakamaa na koo likafunga. Gideoni, mume wake, alikaa kwenye kiti kando akiangalia sakafu. Na katikati ya mateso yale yote Peace alikuwa akisema neno moja, tena kwa sauti ya mtu anayesahihisha mwenzake: "Si kumi na nne. Yule si kumi na nne."

"Ni maweweseko, afande," muuguzi alisema. "Usiyatilie maanani."

Cresensia aliyaandika hivyo hivyo, kwa kuwa kuandika ndiko kulikompeleka pale. Tangu siku hiyo alikuwa hanywi maji mbele ya watu. Alikunywa chai tu, tena akitazama pembeni. Usimcheke. Nenda wewe ukasimame pale dakika kumi, halafu urudi utuambie maji unayanywaje.

* * *

Jumatatu hiyo ukungu ulikuwa umeshuka Makambako mpaka taa za malori ya barabara kuu zilikuwa zinawaka saa mbili asubuhi. Cresensia aliingia chumba cha mahojiano na koti lake, akaweka mezani mafungu mawili ya kadi za mbwa, akaagiza mtuhumiwa aletwe.

"Kamwene, daktari."

"Kamwene, afande."

Rejoice Ngailo alikuwa mwanamke mfupi, mikono imara, miaka arobaini na kidogo. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemtia weusi chini ya macho, lakini alikaa wima.

"Nieleze tena," Cresensia alisema. "Polepole. Nichukulie mimi ndiye mbwa mwenyewe nimeletwa."

Rejoice alitabasamu kidogo, akaacha. "Mbwa hali chakula tangu jana yake jioni. Asubuhi anapimwa kilo. Kila kitu kinaanzia kwenye kilo, afande. Kwa kilo zake navuta dawa ya kwanza, ya kutuliza, namchoma kwenye nyama ya paja. Wengine wanatapika kidogo, ni kawaida. Dakika kumi na tano anayumba, miguu inamwishia, analala. Ndipo namchoma ya pili, kwenye mshipa wa mguu wa mbele. Hiyo ndiyo nusu kaputi yenyewe."

"Anafumba macho?"

"Hafumbi. Dawa ile haifumbi macho. Analala anakuangalia. Namtia mafuta ya macho yasikauke, naendelea na kazi. Watu wengi wanaojitolea wanashindwa hapo, wanasema mbwa anawaona. Peace hakushindwa. Alikuwa anawafunika uso kwa kitambaa, mmoja mmoja, anawaambia pole mama."

Cresensia hakupenda picha hiyo ilivyomkaa kichwani. Akahama haraka. "Unajuaje kama amelala kweli?"

"Nambana katikati ya vidole vya mguu kwa koleo ndogo. Akivuta, bado. Namfungua taya. Likikaza, bado. Ikiwa bado, naongeza dawa kidogo na naandika kwenye kadi."

"Nambari kumi na saba ulimbana?"

"Nilimbana. Hakuvuta. Alikuwa ameishiwa nguvu, lakini hajalala. Nilipoanza kumnyoa tumbo akainuka mara moja. Mimi niko tumboni, Peace yuko kichwani. Ningekuwa mimi kichwani ningekuwa mimi."

"Kwa kilo ulizoandika, mbwa ishirini na sita, ulitakiwa umalize vichupa vitano. Umemaliza vinane. Vitatu viko wapi?"

"Ndani ya mbwa."

Ijumaa alijibu hivyo hivyo, na askari wawili waliokuwa chumbani wakacheka. Cresensia naye alikuwa ameachia tabasamu, na sasa aliona aibu nalo. Alizisogeza kadi.

"Fungu hili ni la kambi ya Wanging'ombe, mwezi wa tatu. Mbwa thelathini na mmoja. Nimehesabu walioongezewa dawa. Wawili. Fungu hili la Kitandililo, mwezi wa nne. Ishirini na sita, walioongezewa ni ishirini na watatu. Dawa ilikuwa ileile?"

"Boksi lileile. Nambari ya toleo iko hapo juu kwenye kila kadi."

"Mikono ileile?"

"Yangu."

"Basi ni nini, daktari? Maana mtu akiniletea kadi hizi, nami nitasema kama wanavyosema mtaani. Kati ya mwezi wa tatu na wa nne kuna mtu alitia maji."

Rejoice alizigeuza kadi moja moja. "Siku ile nilisema mbwa wa Kitandililo ni wakaidi. Nilisema huku nacheka. Peace akasema ni viazi, wanakula viazi vingi mno. Sijui, afande. Naapa sijui. Nimelala hapa siku tatu nahesabu mililita, na kila nikihesabu niko sawa."

"Boksi lilikaa wapi wiki tatu za kati ya kambi hizo mbili?"

"Dukani kwa Abdulaziz. Yeye ndiye mwenye kibali na kabati la kufuli."

* * *

Duka la dawa za mifugo la Abdulaziz lilikuwa nyuma ya stendi, mlango mwembamba, ndani magunia ya chumvi ya ng'ombe yamepangwa mpaka dari. Mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu. Muuza chapati wa mlango wa pili, kabla hajaulizwa lolote, alimwambia Cresensia kwamba kuku wake sita walikufa baada ya dawa ya huyu bwana.

"Kuku wake walikufa kwa mdondo, hakuwachanja," Abdulaziz alisema bila kuinua macho kwenye daftari lake. "Karibu, afande. Nilikuwa nakungoja tangu Ijumaa. Nikasema huyu mama akichelewa kuja nitakwenda mwenyewe."

Alikuwa mtu wa Tanga aliyekaa Makambako miaka ishirini na bado analalamikia baridi kama aliyeshuka kwenye basi leo. Alifungua kabati, akatoa vichupa viwili vilivyobaki kwenye boksi lile, akaviweka mbele yake.

"Angalia shingo yake. Hiki kifuniko cha bati kimebanwa kiwandani. Ukikitoa kinachanika, hakirudi. Vile vitupu vya Kitandililo unavyo wewe kwenye kielelezo. Vimechanika mara moja au mara mbili?"

Cresensia alikuwa ameshaviangalia kwa kioo cha kukuzia. "Mara moja."

"Basi maji yaliingilia wapi? Ningepitisha sindano kwenye mpira, utasema. Sawa. Ningepitisha, kichupa kingejaa kupita mstari. Au ningetoa kwanza, ndipo nitie. Haya, tuseme nimefanya hivyo. Wiki ileile daktari mmoja wa Mafinga alichukua vichupa viwili kutoka boksi hilihili. Huyu hapa, sahihi yake, na simu yake. Mpigie. Muulize mbwa wake walilala?"

Cresensia alipiga palepale. Daktari wa Mafinga alisema walilala vizuri tu, tena mmoja alichelewa kuamka akamtia hofu.

Kwa hiyo si maji. Cresensia alikata simu akabaki ameishika. Siku nne alikuwa ameng'ang'ania maji, kumbe anakimbiza upepo. Dawa nzima, daktari mwenyewe ndiye yule aliyefanya kazi vizuri Wanging'ombe, halafu mbwa hawalali.

"Afande, nikuulize na mimi?" Abdulaziz alijifunga shuka lake vizuri mabegani. "Mteja akija kuniambia, Abdu, dawa yako ya minyoo haifanyi kazi, mimi sigombani naye. Namuuliza kwanza, ng'ombe ulimpima au ulimkadiria? Asilimia kubwa walikadiria. Ng'ombe wa kilo mia tatu kampa dawa ya kilo mia mbili, halafu mwizi ni mimi. Hawa mbwa, walipimwa?"

"Walipimwa. Kilo zimeandikwa kwenye kadi, zote."

"Kwa mzani wa nani?"

Cresensia alizitazama kadi, hazikusema hilo. Halafu ile sauti ya wodini ikamjia, wazi kabisa, mchana kweupe, katikati ya magunia ya chumvi. Yule si kumi na nne. Alilipekua fungu la kadi, akaitoa kadi ya kumi na saba. Mbwa jike, kahawia, jina Sijali, mmiliki Yosefu Kiswaga. Kilo: kumi na nne.

Wiki nzima alikuwa na maelezo ya marehemu mfukoni, na aliyaita maweweseko.

Alimpigia Koplo Hezekia kituoni. "Msogezee daktari simu. Sasa hivi."

Rejoice alipokuja, Cresensia hakumsalimu. "Mzani wa Kitandililo ulikuwa wa nani?"

"Wangu ulianguka kwenye gari njiani, ukavunjika kioo," Rejoice alisema. "Nikataka tuahirishe. Peace akasema haiwezekani, watu wameshawanyima mbwa chakula tangu jana, nyumbani kwetu mzani upo. Akaenda kuuchukua. Ule wa kuning'iniza. Tukakata gunia la viazi matundu manne ya miguu, mbwa anavalishwa, ananing'inizwa, Peace anasoma kilo kwa sauti, mimi naandika."

"Mzani wa nyumbani kwao wa kazi gani?"

"Wa mume wake. Wa kununulia viazi."

Cresensia alisikia pumzi ya Rejoice ikibadilika.

"Daktari, wewe ni mtaalamu. Ulimwona yule mbwa kwa macho. Hukuona kwamba ni zaidi ya kumi na nne?"

"Niliona," Rejoice alisema, taratibu sana. "Niliona ni mkubwa. Nikasema ni manyoya, mbwa wa huku wana manyoya ya baridi. Namba ilikuwa imeshasomwa, nikaiamini namba. Mungu wangu. Wote walikuwa wakubwa, afande. Wote niliwapa dawa pungufu."

Cresensia alimwambia akae, apewe chai. Kisha akamgeukia Abdulaziz. "Naomba mfuko mmoja wa chumvi, ule wa kilo ishirini na tano, ambao haujafunguliwa."

"Chukua. Lakini ukienda kupima, usimwambie mtu kwamba mimi ndiye niliyekutuma. Nataka kuendelea kuishi na majirani zangu."

* * *

Ghala la Gideoni Mtewele lilikuwa ukingoni mwa soko la viazi. Tangu lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita mdomo, ipigwe marufuku na viazi kununuliwa kwa kilo, mbele ya kila ghala kumefungwa boriti na mzani unaning'inia hapo, na wakulima wanapanga foleni na magunia yao kama wanavyopanga zahanati. Siku hiyo walikuwa tisa au kumi hivi, wengi wa Kitandililo, wamejifunika makoti na mashuka.

Mbele kabisa alisimama Mzee Yosefu Kiswaga. Cresensia alimjua, alikuwa shahidi wa pili kwenye faili. Sijali, mbwa wake, alianza kutoa mate siku ya sita baada ya kambi, na Mzee Yosefu alimwua kwa jembe mwenyewe. Tangu Peace alipofariki, kijijini watu walikuwa wakimpita bila kumsalimu. Hata hapa kwenye foleni aliyemfuata alikuwa ameacha nafasi ya hatua tatu.

Gideoni alitoka ghalani. Alikuwa mrefu, amekonda, na shingoni amejifunga skafu ya sufu ya kike, ya zambarau. Hakuna aliyehitaji kuuliza ilikuwa ya nani.

"Karibu, afande. Wamempeleka mahakamani yule?"

"Bado. Nimekuja na jambo dogo." Cresensia aliutua mfuko wa chumvi chini. "Naomba uniwekee huu kwenye mzani."

Gideoni aliutazama mfuko. Maandishi ya kilo yalikuwa makubwa, mekundu. Aliutazama mzani. Kisha, haraka haraka, akautazama mstari wa wakulima.

"Mzani huu umeharibika, afande. Tangu juzi."

"Na hawa unawapimia nini?"

Gideoni aliushika mzani kwa mkono, kama anayetaka kuufunika.

"Ndio uliokwenda kambini?" Cresensia aliuliza.

"Ndio." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Tuufanyie ndani, afande. Nakuomba. Tuingie ndani tufunge mlango."

Cresensia alikuwa ameshakaa kwenye kazi hii miaka kumi na sita. Watu wengi walishamwomba wafunge mlango, na hakumbuki hata mmoja aliyekuwa hana la kuficha. Lakini alimwonea huruma, basi, huo ndio ukweli. Waliufungua mzani, wakauingiza ndani, wakautundika kwenye boriti ya paa kati ya marundo ya magunia. Gideoni mwenyewe aliunyanyua mfuko akauning'iniza. Mshale ulicheza, ukatulia.

Kumi na tisa na nusu.

Cresensia aliushusha mfuko, akaupima tena. Kumi na tisa na nusu. Akatoa kalamu akapiga hesabu nyuma ya kadi. Mbwa aliyesoma kumi na nne kwenye mzani huu alikuwa kilo kumi na nane. Akapewa dawa ya kumi na nne.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka juzi." Gideoni alikaa juu ya gunia. "Kuna fundi anakuja, analegeza kitu ndani. Karibu wote sokoni hapa... hapana. Siwasemei wengine. Mimi. Mwaka juzi."

"Peace alijua?"

"Hakujua! Angejua angeniacha. Alikuwa anaendesha maombi ya wanawake, afande, angelala vipi na mimi kitanda kimoja? Siku ile alipokuja kuuchukua sikuwepo nyumbani."

"Ulijua lini kwamba mzani umetumika kambini?"

Gideoni alishika ncha za ile skafu kwa mikono yote miwili.

"Saa nne asubuhi. Niliwapelekea uji. Nikakuta mbwa ananing'inia kwenye gunia, kwenye mzani wangu, na Peace anasoma kwa sauti. Kilo kumi na moja! Hivyo, kwa furaha. Walikuwa wamepima mbwa watano sita tu. Ningesema neno moja. Shusheni huo, haupimi sawa huo. Neno moja, afande. Lakini ile foleni ya wenye mbwa, ni walewale wenye viazi. Wote wamesimama pale wananiangalia nikiwa na sufuria ya uji mkononi. Ningesema mbele yao kwamba mzani wangu unapunguza?"

"Ungemwita daktari pembeni."

"Nilifikiri. Halafu nikasema moyoni, mbwa ni mbwa. Watapewa dawa pungufu, si ndiyo salama? Nilijua dawa ikizidi inaua. Sikujua ikipungua nayo inaua. Nikaweka uji chini, nikaondoka."

Nje mtu alikohoa. Kupitia nyufa za mbao Cresensia aliona viatu vya wakulima, vimesimama palepale.

"Halafu ukaja kumshitaki daktari."

"Nilitaka iwe maji." Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta. "Watu waliposema dawa ilitiwa maji nilishukuru. Nilishika hilo kwa nguvu zote. Nilitaka sana iwe maji. Lakini pale wodini alikuwa ananiambia mimi, afande. Wote mlidhani anaweweseka. Alikuwa ameshapiga hesabu. Yule mbwa alimshika kichwa, alimnyanyua, alijua uzito wake kwa mikono. Alikuwa ananiangalia mimi usoni na anasema si kumi na nne, na mimi naangalia sakafu."

Cresensia alimchukia mtu huyu na alimlilia, vyote kwa pamoja, na hakujua atakiandikaje kitu kama hicho. Akafungua daftari.

"Sikiliza, Gideoni. Kesho saa tatu namfikisha daktari au namwachia. Mzani naondoka nao, lakini wakili atauliza nani anathibitisha kwamba ndio huu, na kwamba ulikuwa hivi siku ya kambi. Anayejua ni wewe peke yako. Usipoandika, yule mama atakaa ndani miezi wakati wataalamu wanabishana. Ana watoto wawili shuleni."

"Nikiandika, watu hawa watajua."

"Watajua."

"Nitakaa wapi mimi Kitandililo? Kaburi la mke wangu liko kule."

Cresensia alimsogezea kalamu.

Gideoni aliitazama, hakuichukua. Alisimama, akajipangusa uso kwa kiganja, akaenda mlangoni akaufungua kwa mapana. Baridi ikaingia. Wakulima waligeuka wote kwa pamoja.

"Gideoni," Mzee Yosefu aliita, "leo unapima au hupimi? Tumesimama tangu saa kumi na mbili."

"Sipimi, baba. Mzani wangu unapunguza. Kwenye kilo ishirini na tano unakula tano na nusu. Nimewapimia hivyo tangu mwaka juzi, nyote. Na ndio huohuo waliopimia mbwa. Sijali alikuwa kumi na nane, akaandikwa kumi na nne, akapewa dawa haba. Ndiyo sababu aliamka. Niliona siku ileile na nikanyamaza. Hakuna aliyetia maji. Si daktari. Na si wewe, baba. Ni mimi."

Mwanamke mmoja nyuma alishika kichwa akasema, "Mungu wangu, Peace!" Wapakiaji wawili waliokuwa wamekaa juu ya mkokoteni walisimama. Cresensia akatoka haraka akajiweka kati ya Gideoni na watu, mkono mmoja kwenye simu. Alishawahi kuona soko likigeuka, halichukui hata dakika.

Mzee Yosefu alikuja mbele. Alikuja mpaka akawa karibu kabisa, akamtazama Gideoni. Cresensia hakumzuia. Hata leo hawezi kueleza kwa nini hakumzuia.

"Viazi tutaviongea," mzee alisema. "Na Peace tutamwongea, siku nyingi. Kwanza nenda kamtoe yule dada."

Gideoni alitikisa kichwa kukubali. Alishuka kizingiti, akasimama. "Na ninyi?"

"Sisi hatuondoki," Mzee Yosefu alisema, akakaa juu ya gunia lake. Yule aliyekuwa nyuma yake akasogea zile hatua tatu, akaweka gunia lake pembeni, naye akakaa.